Kabla hamjachanga pesa ya kisima, nisikizeni kwanza

Najua nitatukanwa lakini acha niseme tu, huko nyumbani hatuhitaji kisima cha mashine. Tunahitaji simiti, mawe, seng'enge, klorini, na mtu mmoja wa kulipwa kila mwisho wa mwezi. Hiyo ya mwisho ndiyo itawaudhi zaidi, nitafika huko.

Stori ni hii. Sisi watu wa Kakamega tuliotawanyika, wengine Kisumu kama mimi, wengine Nakuru na Nairobi, wachache wako Qatar na Saudia, tuko na gurupu ya WhatsApp ya kijiji na tangu Krismasi watu wanasema tufanye kitu ya maana nyumbani. Kwanza ilikuwa basari, halafu ikawa mabati ya kanisa, sai ni maji. Na mtu akitaja maji kila mtu anaona picha ile ile: lori kubwa ya kuchimba, maji inaruka juu, watoto wanacheka, mheshimiwa amekuja kukata utepe (atachelewa masaa matatu, hiyo mjue mapema), na pale ukutani kuna kibao cha marumaru kimeandikwa majina yetu. Niliombwa niingie kwa kamati kwa sababu nimefanya kazi kwa hii mambo ya maji huku Kisumu miaka mingi, nikaandika maoni yangu pale kwa gurupu, ikawa ndefu, admini akaniuliza kama naandika kitabu. Basi nimehamia hapa ambapo hakuna admini.

Tuanze na kile tuko nacho. Kwetu si Turkana. Kakamega inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ukishuka bonde lolote utakuta chemchemi, na hata Januari ile jua kali nyingi zinapunguza tu nguvu, hazikauki. Kwa hivyo shida yetu si kwamba maji hakuna. Shida ni kwamba maji ni chafu, na kutembea nayo mlimani ni kazi, na kukosa maji, uchafu na umbali ni shida tatu tofauti ambazo watu wanazichanganya wanaziita "shida ya maji" halafu wanatafuta dawa moja. Kuchimba mita mia chini ya ardhi mahali ambapo maji yanatoka yenyewe juu ya ardhi, bila kuombwa, usiku na mchana, mimi naona ni kiburi kidogo.

Chemchemi ikiachwa wazi inakuwa dimbwi. Ng'ombe anakunywa hapo, mtoto anaingia na miguu ya matope, mvua ikinyesha inasomba kila kitu kutoka juu inaleta hapo, na wewe unainama na jagi unachota juu juu ukijipa moyo kwamba chini ni safi. Kuihifadhi si maajabu. Fundi anachimba kufuata jicho la maji mpaka apate mahali linapotokea kwa mwamba, anajaza mawe na changarawe, anafunika juu na nailoni na udongo wa mfinyanzi ili maji ya mvua yasipenye, mbele anajenga ukuta wa simiti na bomba linatoka hapo. Halafu ngazi za kushukia, maana kina mama wameanguka sana kwa ile matope na mtungi kichwani. Halafu mtaro upande wa juu wa kugeuza maji ya mvua, mwingine upande wa chini wa kutoa yale yanayomwagika, seng'enge ya kuzuia ng'ombe, nyasi ipandwe, basi. Hakuna injini, hakuna pampu, hakuna stima, hakuna sola ya kuibiwa. Kitu cha kuharibika ni kidogo sana. Wafini, watu wa Finland, walipokuja Magharibi mwa Kenya mwaka wa 1981 na ule mradi wa serikali yao na yetu, wazee wanauita Kefinco mpaka leo, walijenga chemchemi nyingi namna hii pamoja na visima vya pampu ya mkono, na kuna za wakati huo watu bado wanachota.

Na si maoni yangu tu. Kuna watafiti, Michael Kremer na wenzake, walichukua chemchemi kama 200 za Busia na Butere-Mumias wakishirikiana na shirika lililokuwa linazijenga, wakapiga kura ya bahati nasibu, zingine zikajengwa mapema na zingine zikangoja zamu, wakapima maji na wakafuata watoto. Majibu walichapisha mwaka wa 2011. Ile bakteria ya E. coli, inayoonyesha kwamba kinyesi kimeingia kwa maji, ilipungua kwa asilimia 66 pale bombani. Kuhara kwa watoto wadogo kukapungua kama robo. Kujenga moja ilikuwa kama dola 1,000 hivi wakati huo, na wanakijiji walichangia sehemu yao, zaidi kwa kazi ya mikono. Huyo Kremer 2019 akapata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, na kazi yake nyingi ilifanyika hapa kwetu, kwa shule zetu na chemchemi zetu, kwa hivyo tukiambiwa Magharibi haijatoa kitu tujue cha kujibu.

Sasa kisima cha mashine. Kwanza unatafuta mtaalamu wa kupima ardhi, halafu kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, halafu kuchimba, na unalipa hata kama maji hayajapatikana au yamepatikana kidogo. Kisha mabomba ya kisimani, pampu, sola au stima, tangi, mnara wa tangi, mlinzi. Hiyo ni kabla mtu hajakunywa kikombe kimoja. Pampu ikikwama miaka mitatu baadaye, sisi tuliochanga tutakuwa tumeshachoka na mada hii, tuko kwa mada ingine, na pale kijijini fundi anataka pesa ya kuja tu kuangalia. Hata zile pampu za mkono, Afridev ambazo ziliundwa makusudi mwanakijiji aweze kuzirekebisha mwenyewe na spana moja, bado zinalala. Mwaka wa 2009 wataalamu wa mtandao wa maji vijijini walijumlisha hesabu za nchi 20 za Afrika wakapata kama pampu moja kwa kila tatu haifanyi kazi. Nenda kijiji chochote utaoneshwa moja, imesimama pale na kibao cha mfadhili kiko sawa kabisa, kibao hakijawahi kuharibika.

Na ndugu zetu wa Nakuru ndio wangepaswa kutuambia hii kwa gurupu badala ya kutuma emoji za kupiga makofi. Anti yangu ameolewa upande wa Njoro na watoto wake wote wana meno ya kahawia, si kwa sababu hawapigi mswaki, ni floraidi. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa inaachilia floraidi kwa maji ya chini, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima huko vinapita hapo mbali sana. Inaharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanaundwa ndani ya fizi, na ikizidi sana kwa miaka inaingia mpaka mifupa. Na huwezi kuichemsha ikatoka, ukichemsha maji yanapungua floraidi inabaki, kwa hivyo umeiongeza. Dayosisi Katoliki ya Nakuru walichimbia watu visima miaka mingi halafu wakajikuta na hii shida mkononi, na kitu nawaheshimu nacho ni kwamba hawakuhepa, walianza kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka buchani inachomwa kwa tanuru lenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa, inasagwa kuwa punje, na zile punje zinanasa floraidi maji yakipita. Inafanya kazi kweli. Lakini punje zinachoka, lazima zibadilishwe, lazima mtu apime maji kujua zimechoka, kwa sababu floraidi haina harufu wala rangi na maji mabaya yanafanana tu na mazuri. Kwetu Kakamega hiyo hatari si kama ya Bonde la Ufa, sisemi ni sawa, nasema tu maji ya kutoka chini sana si lazima yawe safi kwa sababu yametoka chini sana.

Kitu kingine kuhusu chemchemi ambacho watu wa mjini tumesahau: ziko kwa shamba la mtu. Mila zetu zinasema maji hayanyimwi, na wengi hawanyimi, lakini mzee akifa na vijana wakigawa shamba, yule aliyepata kipande cha bondeni anaweza kuamka siku moja aone watu wote wanapita kwa mahindi yake. Au anapanda bulugamu, yaani mikaratusi. Jamani hizo miti zinavyokunywa maji! Mwaka wa 2009 marehemu John Michuki akiwa waziri wa mazingira aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi, watu wakapiga kelele wiki mbili, wakang'oa michache, wakarudi kupanda kwa sababu nguzo za stima na mbao za mjengo zina pesa. Siwalaumu hata, karo ni karo. Lakini kabla ya kununua mfuko mmoja wa simiti, tukae na mwenye shamba, bibi yake na watoto wake wakubwa wakiwepo, liguru (mzee wa kijiji) na chifu wawepo, tuandike pahali njia inapita na mita ngapi hakuna kupanda bulugamu wala kuchimba choo upande wa juu, wote waweke sahihi. Hiyo karatasi ni muhimu kushinda ukuta.

Sasa sehemu ambayo inanikosesha usingizi. Huo utafiti wa chemchemi nimeutaja, asilimia 66 bombani. Walipofuata yale maji mpaka nyumbani, ndani ya chombo cha kunywia, ubora ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 24 tu. Zingine zimepotelea njiani. Ukiwa umekulia kijijini huhitaji mtafiti akueleze. Mtungi wa lita 20 haujasuguliwa ndani tangu ununuliwe, umefungwa na kiazi au gunzi kwa sababu kifuniko kilipotea. Nyumbani unamwagwa kwa ndoo au nyungu, na kikombe ni kimoja, kila mtoto akitoka kucheza anakitumbukiza na vidole vyote vitano. Maji yalitoka safi kwa mwamba yakaharibikia kwa mkono wetu.

Ndio maana mimi ni mtu wa klorini. Ukichemsha umeua vijidudu vya wakati huo, lakini yakipoa na mtoto akaingiza mkono mmeanza upya, na kuni unajua bei yake. Klorini inabaki ndani ya maji inaendelea kulinda siku kadhaa. Ile ya chupa, WaterGuard, imekuwa madukani tangu 2003 na bei si mbaya, na matangazo yalipigwa redioni mpaka watoto wakayaimba, lakini wakati wa huo utafiti chini ya nyumba moja kwa kumi ndizo zilikuwa zinatumia. Si ujinga. Ni kwamba ununue kila mwezi, upime, ukumbuke, na mwezi huu kuna sukari na sabuni na kalamu ya mtoto. Wale watafiti wakajaribu kitu rahisi kabisa: tangi ndogo ya buluu juu ya nguzo, iko pale pale kwa chemchemi, bure. Unaweka mtungi chini, unageuza kishikio mara moja, kinatoa kipimo cha mtungi mmoja, unajaza maji, na mpaka ufike nyumbani maji yametikisika njiani yamechanganyika na dakika zake 30 zimeisha. Kwa hayo majaribio zaidi ya nusu ya nyumba zikaanza kutumia. Kwa nini? Kwa sababu iko hapo, kwa sababu ni bure, na kwa sababu jirani anakuangalia, na tusidharau hiyo ya jirani. Baadaye shirika la Evidence Action likaipeleka kwa vijiji vingi sana vya Kenya, Uganda na Malawi.

Kuna watu watasema inanuka. Inanuka kidogo ndiyo. Kuna wengine watasema ati inazuia kina mama kupata mimba, hiyo nimeisikia kanisani, sokoni, na kwa mwalimu mmoja ambaye mwenyewe ni baba wa watoto sita wote wanakunywa hiyo maji. Mama mkwe wangu alikuwa anaitoa harufu kwa kuacha nyungu wazi usiku kucha, mjusi akiingia basi. Nilimletea ile nyungu ya udongo yenye mdomo mdogo na mfereji chini, ile kina mama wafinyanzi wa Homa Bay walianza kutengeneza, mkono hauingii, unafungua mfereji kwa kikombe na maji ni baridi na yana ile ladha ya udongo, na tangu hapo harufu hajaitaja tena. Ndoo ya plastiki yenye mfereji pia ni sawa na ni bei nafuu, lakini usimwambie mama mkwe wangu.

Nisiwadanganye pia kwamba hii yote ni rahisi na kila utafiti unasema ndiyo. Kuna ule mkubwa uliofanywa Bungoma, Kakamega na Vihiga, akina mama wajawazito 8,246 waliandikishwa, wengine wakapewa klorini, wengine vyoo vikaboreshwa, wengine mahali pa kunawa na sabuni, wengine yote kwa pamoja. Majibu ya 2018: kuhara kwa watoto hakukupungua, na urefu wa watoto haukuongezeka kwa sababu ya maji wala choo wala sabuni. Watu wa mashirika walishtuka, mimi pia. Baadaye walipoangalia minyoo, ile mikubwa ya tumboni ilikuwa imepungua kwa waliopata maji ya klorini, kwa hivyo si kwamba hakukuwa na kitu kabisa. Lakini inafikirisha. Mimi ninavyoona kuku wanalala jikoni, mtoto anatambaa hapo hapo asubuhi, na choo cha binadamu hata kikiwa na sakafu ya marumaru hakimzuii kuku. Halafu pia kutumia kulipungua jinsi wale wa kutembelea walivyopunguza kuja. Shikeni hiyo ya mwisho.

Na mkumbuke vile vichujio vya 2011. Watu wa nje walikuja wakagawa karibu laki tisa kwa mkoa mzima wa Magharibi, bure, nyumba kwa nyumba, hesabu ikiwa kwamba tusipochemsha maji hatuchomi kuni na ule moshi ambao haukutoka watauza kwa soko la hewa ukaa huko kwao. Wazo si baya. Ila tembea leo hesabu ngapi bado zinachuja. Nilivyoona kwetu ni kwamba zile bomba zimening'inia ukutani kama picha ya harusi, zingine mpira wake umetumika kwa manati. Kilichoziua ni kwamba uchafu uliziba, na mtu wa kumuuliza hakuwepo.

Choo sasa, maana hakuna mtu kwa gurupu ametaja choo hata mara moja. Hakuna mheshimiwa anataka picha akikata utepe wa choo. Lakini mnaweza kusafisha chemchemi mpaka mchoke, kama watu wako kwa kichaka mvua italeta kila kitu chini. Kuna ile njia ilianzia Bangladesh karibu mwaka wa 2000, Kamal Kar ndiye aliianzisha, ikafika Kenya 2007: hakuna kupewa simiti, hakuna kupewa pesa, wahudumu wanakuja wanaitisha baraza, watu wanachora ramani ya kijiji chini na majivu na kila mtu anaonyesha anakoenda haja, halafu wanatembea wote mpaka huko, halafu mavi inaletwa inawekwa kando ya sahani ya chakula na watu wanatazama nzi akiruka kutoka hapa akienda pale. Kimya. Mpaka mtu mmoja anasema kwa hivyo tunalishana mavi. Serikali ikasema ikifika 2013 vijiji vyote vya Kenya viwe vimeacha kujisaidia ovyo, haikufika, lakini Busia walijitahidi, Nambale ilikuwa kati ya maeneo ya kwanza kabisa kutangazwa.

Mimi hiyo ya aibu siipendi sana, kusema ukweli, maskini ana aibu za kutosha. Lakini imefanya kitu simiti ya bure haikufanya. Ubaya ni kwamba choo cha udongo na miti kinaanguka mvua ya Aprili, na kuchimba tena ni nguvu, na mjane atachimbiwa na nani. Halafu kuna mambo mgeni hawezi kujua. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe kwa nyumba nyingi hawatumii choo kimoja, ni heshima. Shirika linahesabu boma moja choo kimoja linaandika ripoti, kumbe yule dada anaenda shambani usiku. Ukiuliza utajibiwa choo kipo, tunakitumia sisi wote. Lazima umuulize yeye, na umuulize akiwa peke yake.

Huku Kisumu ni hadithi ingine, kwa mitaa kama Manyatta, Nyalenda, Obunga, kuna sehemu ukichimba kidogo tu umepata maji, na kisima na choo viko ploti moja vimetenganishwa na kamba ya kuanika nguo. Lori la eksosta, lile la kunyonya vyoo vikijaa, haliwezi kupita kwa zile vichochoro. Lakini nataka mwangalie jinsi maji ya mfereji yalivyoingia mitaani. KIWASCO, kampuni ya maji ya mji, ilikuwa inapoteza maji mengi sana kwa watu kujiunganishia usiku. Miaka ya 2000 wakaanza na Nyalenda, wakisaidiwa na wafadhili na shirika la hapa Kisumu la SANA: kampuni inauza maji kwa jumla kwa kikundi cha mtaa, kikundi kinaweka mabomba madogo na vibanda, kinasoma mita, kinakusanya pesa, kinaziba panapovuja, na kinabaki na faida yake. Yule kijana anayesoma mita anakaa mtaa huo huo, anajua nani ameunganisha na wapi. Si kamilifu, kuna fitina na kuna wakati mifereji inakauka na bei ya mkokoteni inapanda, lakini bado inaenda miaka yote hii na mfadhili wa kwanza alishaenda zamani. Inaenda kwa sababu kuna watu wanakula kutoka kwa hiyo kazi.

Na wafadhili wanaenda, jamani. Tulikuwa na miradi ya USAID, lile shirika la misaada la Marekani, ya maji na vyoo huku, Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Migori. Januari 2025 amri ikatoka Washington ya kusimamisha na kwa wiki chache tu watu niliofanya kazi nao walikuwa nyumbani, magari yameegeshwa, mitaro imechimbwa haijawekwa bomba. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ya usafi wa kiwango kinachofaa, na kaunti ndizo zina kazi ya maji tangu 2013. Kwa hivyo ndiyo, tumsumbue MCA, mwakilishi wetu wa wadi kwa kaunti, pia, niko tayari kwenda ofisini kwake na mtu yeyote anayetaka. Lakini najua pia mnataka kuona kitu kabla ya Desemba.

Basi pendekezo langu. Kwa pesa ya kisima kimoja cha mashine tunaweza kujenga chemchemi kadhaa, tuanze na mbili zenye watu wengi, tuandikiane na wenye mashamba, tuweke tangi za klorini, tununue ndoo za mfereji kwa nyumba zenye watoto chini ya miaka mitano, na tusaidie wajane na wazee na vyoo vyao. Halafu pesa inayobaki, na hapa ndipo kelele itaanza, iwekwe kwa akaunti ya kulipa mama wa klorini.

Huyo mama mnamjua. Kwa mpango wa zile tangi za buluu kila kijiji kilichagua mtu wa kujitolea, na mara nyingi akachaguliwa mama, na mara nyingi ni yule ambaye hawezi kukataa. Anabeba jerikeni ya klorini, anajaza tangi, anaosha kishikio, anapita kwa nyumba kukumbusha watu, anatukanwa kuhusu harufu, anaulizwa kuhusu uzazi, analaumiwa tangi ikiisha hata kama shehena haijaletwa. Bure. Dereva wa gari la shirika analipwa, anayeandika ripoti analipwa, mimi nimelipwa miaka mingi na nimejenga nayo, fundi wa simiti analipwa, hata mheshimiwa analipwa akija kuchelewa. Yeye anapewa tishati.

Nilipoandika hii kwa gurupu shemeji mmoja akajibu kwamba tukianza kulipa tutazoesha watu vibaya, ati maji ni ya jamii na kazi ya jamii ni ya kujitolea. Sawa shemeji. Zamu za Julai na Agosti nimeandika jina lako, utakuja na gamubuti, jerikeni ya klorini utaipata kwa liguru.